Makaa Juu ya Kifuniko

Richfield, Minnesota
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Kwa kaka yangu Athman,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, na shemeji Mwanakombo mzima, na mama ameamka vizuri na chai yake ya tangawizi ameinywa bila kununa. Mgongo wako vipi? Na lile jino? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikuwa unatafuna upande mmoja kama mbuzi, na najua hujaenda kwa daktari kwa sababu sindano unaiogopa tangu tuko madrasa. Mimi nipo. Mwili unakwenda kazini na unarudi, Alhamdulillahi. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Lakini kwenye simu wewe huweka sauti kubwa ili mama asikie, na mama akisikia sauti yangu tu anakunyang'anya. Haya ya leo hayafai kusikiwa na mama. Nimempa barua Omari, yule Mkilifi ninayekaa naye nyumba moja, anakuja likizo, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Isome dukani kwako, usiifungue nyumbani.

Uliniuliza swali moja, na mimi nimekuwa nikikuzungusha. Yule mwenye kampuni ya karamu anataka masufuria ya harusi aliyotuachia baba, yote pamoja na Bi Mkubwa, lile ambalo wanaume wanne hulibeba kwa mipini. Uliuliza: "Tuyauze au tuyaweke?" Nikakwambia ngoja. Ukauliza tena, nikakwambia ngoja kidogo, kuna jambo nalitengeneza huku. Hukunibana, na kwa hilo nakushukuru, maana wewe kwa kubana watu hujambo. Sasa nitakwambia lile jambo lilikuwa nini na limefikia wapi, kisha nitakupa jibu.

Hapa Minneapolis, upande wa kusini, palikuwa na jiko la jamii chini ya jengo lililokuwa kanisa zamani. Usidhani ni hoteli. Ni jiko kubwa lenye meko ya gesi, tanuri, na jokofu ambalo mtu mzima anaingia ndani akafunga mlango. Pale walikuwa wanafundisha watu kupika mazao ya wakulima wa hukuhuku badala ya vitu vya kopo, wakihimiza watu wale chakula cha afya. Na mtu kama mimi, mwenye ujuzi lakini hana mahali pa kupikia, alipewa zamu ya meko na kufundishwa sheria za usafi na mambo ya leseni, mpaka aweze kuuza chakula chake kihalali. Msimamizi wake ni mama wa Kizungu anaitwa Linda, mrefu, nywele nyeupe, akicheka utadhani uko Majengo kwenye kibao cha mbuzi na wanawake wanakuna nazi. Mwisho wa mafunzo walikuwa wanakuja wageni wa shirika linalolisaidia jiko, wanaonja chakula cha kila mmoja, kisha mmoja wetu anapewa kibanda katika soko la wakulima kwa msimu mzima wa joto.

Kibanda kile, kaka, ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka kutoka ghalani. Kazi yangu kule Shakopee ni kusimama mbele ya mkanda, kuinua maboksi na kuyasoma alama kwa kimashine. Ukisimama kuvuta pumzi, kimashine kinajua, na msimamizi anakuja kukuuliza kama unaumwa. Kiganja changu cha kulia, kile cha mwiko, kimeanza kufa ganzi. Asubuhi naamka vidole havipo, nakaa kitandani navisubiri vinirudie. Nilijipigia hesabu kwamba nikipata kibanda, jina likishajulikana, Wakenya na Wasomali na Watanzania wa huku wataniita kwenye harusi zao, na masufuria ya baba nitayaleta kwa kontena. Nilikwishauliza mpaka watu wa kontena. Nilimwona Bi Mkubwa katikati ya theluji, mvuke unapanda, na mimi juu ya kigoda na mwiko wangu. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia ngoja.

Sasa cheka kidogo, maana huko mbele hakuna cha kucheka. Siku ya kwanza Linda alinitaka nieleze namna ya kupika pilau ya watu wanne. Nikamwambia kwetu watu wanne hawapikiwi pilau, wanakaangiwa mayai. Akadhani namtania. Wewe unajua baba alikuwa anapimaje: anatazama mikeka iliyotandikwa, anatazama mbingu kama mvua itawazuia watu, kisha anasema magunia. Mimi sikuwahi kushika kikombe cha kupimia mpaka nilipofika kwa Linda. Pilau yangu ya kwanza ya watu wanne ilikuwa kama uji wa mzazi. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa anapika sombe, kisamvu cha kwao, kwenye meko ya jirani, alikuja akachungulia, akaondoka akiziba mdomo, mabega yanamtikisika.

Halafu wakaja na mambo ya afya. Samli nipunguze, chumvi nipunguze, mboga niongeze, na mchele mweupe niuchanganye na nafaka nyingine. Nilikasirika. Nilimwambia Omari watu hawa wanataka pilau ya mgonjwa. Lakini si unajua mimi, nikishakasirika ndipo ninapofanya kazi. Nilikaanga vitunguu polepole kuliko kawaida, mpaka vikatoa rangi na utamu vyenyewe, samli ikawa haihitajiki sana. Nilipata nyama ya kondoo kwa mkulima wa karibu, na karoti zenye ladha hasa, si zile za maji. Kuna nafaka nyeusi nyembamba inayomea kwenye maziwa ya huku, wenyewe wanaiita mchele wa mwituni, ngumu kama kichwa chako. Niliichemsha peke yake kwanza, ikapasuka, nikaichanganya na basmati pale maji yanapokaribia kukauka. Bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga sikupunguza hata chembe, na hakuna aliyethubutu kuniomba.

Linda alionja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akala mpaka akamaliza. Mama Furaha akachota kwa mkono, akaniambia, "Papa Mbwana, hii njo chakula ya batu ya kweli." Niliporudi nyumbani Omari akala sahani mbili, akasema, "Bro, ukipata hiyo stall, mimi na-quit siku hiyo hiyo. Nitaku-drive mpaka Lakeville kila weekend, kuna Wakenya huko wana nyumba kubwa na hawajui kupika." Tukacheka. Kaka, ulikuwa muda mrefu sijafurahi namna ile. Nilijiona mtu.

Siku ya wageni ilipofika, nilishindwa kupika pilau ya watu wanne. Naapa nilijaribu. Lakini pale mlangoni palikuwa na foleni ya watu wanaokuja kuchukua chakula cha bure, wazee na kina mama na watoto, na mimi napika. Wewe ungeweza? Mtu anasikia harufu ya pilau yako, anapita na kopo lake la maharage? Nilikuwa nimenunua sufuria pana kwenye duka la Msomali, nikapikia watu wote, wageni na wenzangu na foleni nzima. Linda aliiona ile sufuria, akatikisa kichwa, akaniachia.

Pilau ilifika pale maji yanapozama chini ya wali na vitundu vinatokea. Unajua pale kinachotakiwa. Moto wa chini upunguzwe, makaa yapaliwe juu, punje zikauke moja moja. Linda alikuwa amenifundisha kufanya hivyo kwa tanuri, na kwa sufuria ndogo ilinikubali vizuri. Nikaibeba sufuria yangu pana mpaka kwenye tanuri. Mlango haukufunga. Nikaigeuza, nikaing'oa vishikio, haukufunga. Wageni walikwishaingia, nawasikia wanaonja sombe ya Mama Furaha na kusifu. Wali ukiachwa pale unalala, na wali uliolala hauamki.

Nje, kwenye maegesho ya magari, jiko lilikuwa na meko ya kuchomea nyama, na mtu alikuwa amechoma mahindi hapo. Makaa yalikuwa bado mekundu, mazuri, hayatoi moshi. Sikuwaza mara mbili. Nikachukua koleo na sinia la bati, nikayazoa, nikaingia nayo ndani kwa mlango wa nyuma, nikayatandaza juu ya kifuniko. Chini ya kifuniko nilikuwa nimeweka karatasi ya kaki kuzuia mvuke, kama baba. Nikasimama pembeni nimefunga mikono. Nakwambia ukweli, ile ndiyo dakika niliyokuwa na raha kuliko zote tangu nije nchi hii. Harufu ilikuwa ile ile ya ua wa msikiti alipokuwa akipika baba.

Ukingo wa karatasi ukashika moto. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, ungeuzima kwa ncha ya kanga. Lakini kengele ikalia, kaka, kengele ya kupasua kichwa, na taa zinawaka na kuzima. Mara kengele nyingine ikaanza ukutani, mlio tofauti. Linda akaja mbio, akaona makaa juu ya sufuria, uso ukamwisha damu. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Watoto."

Juu ya jiko, ghorofa ya pili, palikuwa na skuli ya watoto wadogo. Wote walitolewa nje kwa mbio, hakuna nafasi ya kuwavika makoti, na theluji ilikuwa bado haijaisha barazani. Walimu wamebeba wawili wawili. Kulikuwa na kitoto kimoja kimesimama kwenye theluji na soksi, hakilii, kinatetemeka tu. Nilivua koti nikakifunika. Mwalimu wake alikuja, akakichukua, akanirudishia koti bila kunitazama.

Zimamoto walikuja. Mmoja wao, mtu mzima mwenye masharubu, alinikalisha pembeni akanieleza polepole, kama anayezungumza na mwanawe. Alisema makaa ndani ya jengo lililofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, na kwamba wakati wa baridi familia hulala nayo na haziamki. Kile kimashine cha pili kilicholia ndicho kilichokuwa kinainusa. Kwetu jiko la makaa liko uani, hewa inapita, nani aliwahi kufa kwa kupalia pilau? Lakini madirisha ya jengo lile hayafunguki, na juu yangu walikuwapo watoto. Alikuwa amesema kweli.

Sufuria waliitoa nje wakaimiminia maji. Wali ukaelea, ukamwagika kwenye theluji pamoja na makaa. Foleni ya chakula cha bure ilikuwa bado imesimama upande wa pili wa barabara, inatazama. Mzee mmoja akauliza kama kuna upande unaolika.

Baada ya hapo yalikwenda haraka. Nilidhani nimepoteza kibanda changu tu, na hilo lilinitosha. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba nitamsaidia Mama Furaha kwenye kibanda chake, maana wageni walikuwa wamempenda wakamwahidi yeye. Kisha Linda akaja hapa Richfield kwa miguu yake, akaketi kwenye kochi letu lililochanika, akanieleza. Wenye jengo wamesema hawataki tena jiko chini ya watoto. Watu wa bima wamekataa. Shirika nalo limesema litasubiri mpaka papatikane mahali pengine, na mahali pengine hapapo. Jiko limefungwa. Aliniambia, "Sikuja kukulaumu." Laiti angenilaumu. Alinyanyuka, akanipa mkono, na mimi nilikuwa namtazama viatu.

Mama Furaha alikwishanunua mwavuli wa kibanda na aproni yenye jina lake kifuani. Sikuweza kumpigia simu. Yeye ndiye aliyekuja, na sombe ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Tulikula yeye na mimi na Omari, akauliza, "Mukono yako iko namna gani?", akamsimulia Omari habari za wanawe wanaomjibu kwa Kiingereza hata akiwauliza kwa Kiswahili. Hakuna aliyetaja jiko. Pale mlangoni, anavaa viatu, ndipo aliposema, "Papa, mi sina kasirani. Lakini ile jiko ilikuwa ya sisi bote." Kaka, mpaka leo neno hilo silijui nilitie wapi. Wale wengine sijawaona. Mmoja wao nasikia amerudi ghala lingine, anapanga viatu.

Najua utakachosema. Utasema rudi nyumbani, tupike pamoja. Umenambia hivyo tangu nilipopanda ndege. Sikiliza basi. Daktari ameutazama mkono, akanichoma visindano vya umeme, akasema mshipa umebanwa muda mrefu. Wanaweza kuupasua, lakini hawezi kuniahidi kwamba vidole vitarudi kama vilivyokuwa. Juzi nilisonga ugali wa watu wawili, mimi na Omari, mwiko ukaniponyoka ukaanguka sakafuni. Omari akauokota, akausuuza, akasonga yeye, akajifanya anaimba. Mimi niliyekuwa nageuza Bi Mkubwa kutoka chini mpaka juu bila kukata punje. Nirudi nikasimame uani kuwatazama wengine? Wewe mgongo umekwisha, mimi mkono umekwisha, na harusi zenyewe siku hizi ziko kumbini, watu wanakula kwa foleni kama wako hospitali. Sina hamu ya kurudi na sina hamu ya kukaa. Nakwenda Shakopee kwa sababu gari ya Omari inakwenda Shakopee, na akiondoka kuja huko sijui nitakwenda na nani.

Kwa hivyo jibu ni hili. Yauze. Yote, na vifuniko vyake, na mipini, na miiko, na Bi Mkubwa. Usiniwekee hata moja kwa kunionea huruma, maana nikijua liko moja stoo nitaanza tena kuota. Sharti langu ni dogo: yule bwana ayatumie kupikia. Asije akayapeleka kwenye hoteli ya watalii yakapandwa maua. Na usiyatoe asubuhi, majirani wakajaa mlangoni kuuliza. Yatoe wakati mama amelala mchana.

Nisalimie shemeji Mwanakombo, mwambie achari yake ya ndimu nimeimaliza na chupa bado sijaiosha kwa sababu ya harufu. Nisalimie shangazi Bi Rukia na karai lake la viazi. Yule muadhini wetu aliyekuwa haondoki mpaka apate ukoko, mpe salamu zangu na umwambie sijamsahau. Na Saumu binti yako, niliyemwahidi kwamba harusi yake nitaipika mimi hata nikiwa mwisho wa dunia, mwambie ami yake anamwombea mume mwema. Habari za ahadi usimkumbushe, huenda amesahau.

Sasa mama. Najua Ijumaa baada ya sala bado anajikongoja mpaka stoo, anagonga vifuniko kwa vidole kimoja kimoja, maana macho hayamsaidii tena, na akikosa sauti ya kimoja anauliza, "Wapi jengine?" Na sisi siku zote tulikuwa tunamjibu kwamba limeazimwa na watu wa harusi, naye anaridhika, anasema Mungu awape kheri, anarudi kitandani. Ijumaa itakayofuata atagonga hewa. Mwambie vivyo hivyo. Mwambie yote yameazimwa kwa pamoja, harusi ni kubwa haijapata kuonekana, na kwamba Mbwana ndiye anayepika. Atafurahi sana. Na Ijumaa ya pili, na ya tatu, akiuliza mbona hayarudi, mwambie harusi bado haijaisha.

Ni mimi mdogo wako,
Mbwana